Shaka gani humwokoa mshtakiwa mahakamani?

Na MWANDISHI WETU

MFANYAKAZI wa kiwanda cha nguo katika eneo la EPZ, Athi River, akikamatwa langoni jioni kwa tuhuma za kutoroka na suruali za mwajiri, swali la kwanza atakalokumbana nalo ni moja: “Utathibitishaje kwamba hukuiba?” Mlinzi atamuuliza hivyo. Msimamizi wake atamuuliza hivyo. Hata jamaa zake kule Kitengela au Mlolongo, watakapopata habari usiku huo, huenda wakaanzia papo hapo.

Mahakamani swali hilo halina nafasi. Kifungu cha 50(2)(a) cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Sheria ya Ushahidi nayo, katika kifungu cha 107, humtwika mzigo wa kuthibitisha yule anayedai. Katika kesi ya jinai anayedai ni serikali, kupitia afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mshtakiwa hadai kitu, ameletwa.

Lakini mzigo huo una uzito gani? Ni kiasi gani cha ushahidi kinachotosha kumpeleka mtu gerezani? Jibu limo katika neno moja linalosikika kila siku katika habari za mahakama, na ambalo maana yake mara nyingi hueleweka vibaya: shaka.

Suala hili si la mawakili pekee. Maeneo ya EPZ yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1990 ili kuvutia viwanda vinavyouza bidhaa ng’ambo, na Athi River, kando ya barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa, ikawa kitovu chake. Baada ya Marekani kupitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, ushonaji wa nguo za kuuzwa huko ulipanuka. Kwa kuwa bidhaa hizo zimekusudiwa kuuzwa nje na huhudumiwa kwa nafuu ya kodi, hazipaswi kutoka bila stakabadhi. Upekuzi langoni kwa hivyo ni jambo la kawaida, na tuhuma za wizi si ajabu.

Shtaka linalofaa hapo ni wizi wa mtumishi, chini ya kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 7. Kesi ya namna hiyo husikizwa katika mahakama ya Mavoko, mbele ya hakimu mmoja. Hakuna juri. Hakuna wazee wa baraza. Kuna hakimu, kiongozi wa mashtaka, na mara nyingi mshtakiwa asiye na wakili.

‘Bila shaka yoyote’?

Katika lugha ya Kiswahili tumezoea kusema kwamba upande wa mashtaka sharti uthibitishe kesi “bila shaka yoyote”. Maneno hayo yana mdundo mzuri, lakini yanapotosha. Sheria haidai kwamba kusiwe na shaka ya aina yoyote. Inadai kusiwe na shaka yenye msingi, yaani shaka inayotokana na ushahidi uliotolewa, au na ushahidi uliokosekana, kiasi kwamba mtu mwenye akili timamu na asiyependelea upande angesita kuamua kwamba mshtakiwa ana hatia.

Tofauti hiyo ilielezwa mwaka 1947 na jaji wa Uingereza, Denning, katika kesi ya Miller dhidi ya Waziri wa Pensheni, ambayo hadi leo hutajwa sana katika hukumu za mahakama za Kenya. Denning alisema kwamba uthibitisho wa jinai haulazimu kufikia uhakika kamili. Ukingoja uhakika usio na hata kivuli cha shaka, sheria itashindwa kuilinda jamii, kwa maana hakuna kesi ambayo mtu mwerevu hawezi kuitungia uwezekano wa mbali. Hata hivyo, uwezekano kwamba mshtakiwa hana hatia ukiwa ni wa kweli, si wa kubuniwa, basi kesi haijathibitishwa.

Kutokana na hayo, maneno “bila shaka yoyote” huzaa makosa mawili. Kosa la kwanza ni la mlalamishi, anayeona mshtakiwa akiachiliwa na kudhani kwamba hakimu amenunuliwa, kwa sababu yeye mwenyewe hana shaka hata chembe. Kosa la pili ni la mshtakiwa, anayedhani kwamba hadithi yoyote ile, hata isiyo na kichwa wala miguu, itatosha kuleta “shaka yoyote” na kumfungulia mlango.

Kesi ya madai hupimwa kwa mizani nyingine. Mtu akimdai mwenzake fedha, mahakama huuliza tu ni upande upi ulio na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Mizani ikiinama kidogo upande mmoja, basi. Katika jinai kuinama kidogo hakutoshi, kwa kuwa kinachopotea ni uhuru wa mtu na jina lake.

Kijana wa Dorset

Kanuni hii ilipata sura yake ya sasa katika kesi ya kijana mkulima wa miaka 21 wa Dorset, Uingereza, Reginald Woolmington, aliyeshtakiwa kwa kumpiga risasi mkewe mnamo Desemba 1934. Alisema kwamba bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya alipokuwa akimtisha mkewe kwamba angejiua. Jaji aliwaambia wanajuri kwamba, maadamu imethibitishwa kuwa yeye ndiye aliyemuua, ilikuwa juu yake kuwaonyesha kwamba hakukusudia. Akahukumiwa kunyongwa.

Mwaka 1935 rufaa ilifika kwa Mabwana wa Bunge la Uingereza. Lord Sankey, akisoma uamuzi, alisema kwamba maelekezo hayo yalikuwa makosa: ni wajibu wa mashtaka kuthibitisha hatia, na mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kwamba hana hatia. Akiibua tu shaka yenye msingi, yatosha. Woolmington akaachiliwa. Kilichokaribia kumuua ni sentensi chache za maelekezo mabaya kutoka kwa jaji kwenda kwa juri.

Ndiyo maana katika nchi zenye juri maelekezo kuhusu shaka hupimwa neno kwa neno. Siku hizi nchini Uingereza majaji huwaambia wanajuri kwa lugha nyepesi kwamba ni lazima wawe na hakika kuwa mshtakiwa ana hatia. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1990 katika kesi ya Cage, iliyotoka jimbo la Louisiana, kwamba kuwaambia wanajuri wasubiri shaka “kubwa” na “nzito” kunapandisha kizingiti isivyo haki dhidi ya mshtakiwa. Miaka minne baadaye, katika kesi ya Victor, mahakama hiyo hiyo ikaamua kwamba Katiba yao haimlazimishi jaji kufafanua maneno hayo, wala haimkatazi.

Juri ilipokuwapo Nairobi

Kenya nayo iliwahi kuwa na juri, lakini kwa Wazungu. Kesi iliyovuma kuliko zote ni ile ya mwaka 1941, Sir Jock Delves Broughton aliposhtakiwa kwa mauaji ya Lord Erroll, aliyepatikana amepigwa risasi ndani ya gari lake nje ya mji wa Nairobi mnamo Januari mwaka huo. Sababu ya kuua ilionekana wazi: Erroll alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na mke wa Broughton. Mashtaka yalitegemea bastola za aina ya Colt ambazo Broughton alidai ziliibwa nyumbani kwake. Wakili wake, Harry Morris, akaonyesha kwamba michirizi iliyokuwa kwenye risasi zilizomuua Erroll haikulingana na ile ya bastola ya Colt. Mnamo Julai wanajuri walimwachilia Broughton.

Watu wengi wa Nairobi waliendelea kuamini kwamba ndiye muuaji. Lakini kuamini si kuthibitisha. Shaka iliyomwokoa haikutungwa; ilikuwa imeandikwa kwenye chuma cha risasi yenyewe.

Waafrika hawakupewa juri hiyo. Wao walihukumiwa na jaji aliyeketi na wazee wa baraza. Dedan Kimathi, aliposhtakiwa mjini Nyeri mwaka 1956 kwa kupatikana na silaha, alikuwa mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O’Connor na wazee watatu Waafrika. Wazee hao walitoa maoni tu. Jaji hakufungwa nayo. Katika kesi hiyo maoni yao na uamuzi wa jaji vililingana, na Kimathi akanyongwa Februari 1957.

Kenya huru haikuendelea na juri, ila wazee wa baraza walibaki katika kesi za mauaji katika Mahakama Kuu hadi sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2007. Kesi zilizokuwa zimeanza ziliendelea nao. Mwaka 2009, katika kesi ya Tom Cholmondeley, wazee walitoa maoni kwamba hakuwa na hatia, lakini Jaji Muga Apondi akamtia hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia na kumfunga miezi 8.

Kwa jirani zetu wa Tanzania, Mahakama ya Rufani ilibatilisha mienendo ya kesi nyingi za mauaji kwa sababu jaji hakuwaeleza wazee wa baraza hoja muhimu za sheria kabla ya kuwauliza maoni yao. Kosa la maelekezo, peke yake, lilitosha kuibomoa kesi iliyochukua miaka.

Hakimu hujielekeza mwenyewe

Basi ikiwa Mavoko hakuna juri wala wazee wa baraza, ni nani anayepewa maelekezo kuhusu shaka? Jibu ni kwamba hakimu hujielekeza mwenyewe, na hufanya hivyo kwa maandishi. Kifungu cha 169 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamtaka aandike katika hukumu hoja zilizohitaji kuamuliwa, uamuzi wake kwa kila hoja, na sababu za uamuzi huo.

Hapa pana faida ambayo nchi za juri hazina. Wanajuri hutamka neno moja au mawili, “ana hatia” au “hana hatia”, wala hawatoi sababu. Hakimu wa Kenya lazima atoe sababu. Hukumu yake ikisema, kwa mfano, kwamba “mshtakiwa ameshindwa kuieleza mahakama jinsi mali ilivyofika mahali ilipopatikana, kwa hivyo namtia hatiani,” bila kwanza kupima kama mashtaka yamethibitisha kwamba ni yeye aliyekuwa nayo, basi mzigo umehamishwa kimyakimya kutoka bega moja hadi jingine. Ni kosa lile lile la jaji wa Woolmington.

Mfano wa kiwandani

Tuchukue mfano ambao si wa kesi yoyote iliyowahi kuamuliwa. Mshonaji anashtakiwa kwamba suruali 6 za mwajiri zilipatikana katika mkoba wake. Ushahidi waweza kuwa wa namna tatu.

Namna ya kwanza: mlinzi alimpekua akatoa suruali hizo mwilini mwake, chini ya sweta, mbele ya mfanyakazi mwingine. Nambari zilizo kwenye vitambulisho vya nguo zinalingana na daftari la laini yake ya siku hiyo, na hesabu ya jioni inaonyesha upungufu wa suruali 6. Mshtakiwa anasema, bila kutaja lolote la kuunga mkono, kwamba huenda mtu alimroga asijue anachofanya, au kwamba mahasimu wake wamewahonga mashahidi wote. Hakuna aliyemwona akizichukua mezani, lakini shaka anayoileta haina msingi. Anaweza kutiwa hatiani.

Namna ya pili: mkoba ulipatikana chumba cha kubadilishia nguo. Mlinzi, akihojiwa na upande wa utetezi, anakiri kwamba chumba hicho hutumiwa na wafanyakazi wa zamu mbili, hakina kufuli, na mkoba ulikaa humo saa kadhaa. Hapa shaka imetoka kinywani mwa shahidi wa mashtaka mwenyewe. Mshtakiwa hahitaji kumtaja aliyeweka suruali humo. Yatosha kwamba mtu mwingine angeweza.

Namna ya tatu: msimamizi anasema ni mali ya kiwanda kwa sababu “zinafanana na zetu”, bila nambari, bila daftari, bila hesabu. Hapa hata wizi wenyewe haujathibitishwa, sembuse mwizi.

Mahakama zetu zimeweka kanuni kwa kila hali hizo. Tangu kesi ya Koske ya mwaka 1949, mahakama za Afrika Mashariki zimeshikilia kwamba ushahidi wa mazingira humtia mtu hatiani pale tu unapokataa maelezo mengine yoyote ya busara isipokuwa hatia yake. Mahakama ya Rufaa ilikariri katika kesi ya Sawe mwaka 2003 kwamba tuhuma, hata ziwe nzito vipi, haziwi ushahidi. Na katika kesi ya Arum mwaka 2006 ilitaja mambo manne ambayo mashtaka yapaswa kuthibitisha yanapotegemea kupatikana kwa mali iliyoibwa karibuni: kwamba mali ilipatikana kwa mshtakiwa, kwamba ni ya mlalamishi, kwamba iliibwa kutoka kwa mlalamishi, na kwamba wizi huo ulikuwa wa karibuni. Baada ya hayo ndipo mshtakiwa hutarajiwa kutoa maelezo, na maelezo yenye busara humtosha.

Kesi yenyewe yaweza kuisha kabla ya utetezi. Mashahidi wa mashtaka wakimaliza na hakimu akaona ushahidi hautoshi, kifungu cha 210 kinamtaka amwachilie mshtakiwa hapo hapo. Kesi ya Bhatt ya mwaka 1957 inafundisha kwamba mshtakiwa hawekwi kizimbani kujitetea ili ajaze mapengo ya mashtaka. Ana haki ya kunyamaza, na ukimya wake si ungamo.

Neno ‘ni kweli’

Kinga hii yote huporomoka kwa neno moja siku ya kwanza mahakamani. Mshtakiwa akisomewa shtaka na kujibu “ni kweli”, huenda akawa amekiri kosa, na hakuna tena shaka ya kupimwa. Kifungu cha 348 hakimruhusu kukata rufaa dhidi ya kupatikana na hatia baada ya kukiri. Kinamruhusu kupinga ukubwa au uhalali wa adhabu tu.

Wako wanaokiri kwa kudhani watatozwa faini ndogo na kurudi nyumbani, na wako wanaosema “ni kweli” wakimaanisha kwamba ni kweli mkoba ulikuwa wao. Kesi ya Adan ya mwaka 1973 iliweka utaratibu wa kuzuia makosa hayo. Shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, maneno yake mwenyewe yaandikwe, kisha kiongozi wa mashtaka asimulie mambo yalivyotokea na mshtakiwa aulizwe kama anakubali. Akisema “mkoba ni wangu lakini suruali sijui zilikotoka”, huyo hajakiri, na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekanusha. Asiyeelewa lugha ya mahakama ana haki ya mkalimani bila malipo, na kila mshtakiwa ana haki ya kupewa mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake.

Huru mahakamani, nje ya kazi

Jambo moja huwauma wengi: mtu huachiliwa huru Mavoko, akarudi kiwandani na kuambiwa hana kazi. Je, hiyo ni haki? Huenda ikawa halali. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haitumii kipimo cha jinai. Kifungu cha 44 kinamruhusu mwajiri kumfuta mfanyakazi anayeshukiwa, kwa sababu za kutosha na za busara, kutenda kosa dhidi ya mwajiri au mali yake. Kifungu cha 43 hutazama kama mwajiri aliamini kikweli sababu alizokuwa nazo wakati ule.

Lakini mwajiri naye amefungwa na masharti. Kifungu cha 41 kinamlazimisha kumweleza mfanyakazi tuhuma kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza, akiwa pamoja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Aliyefutwa langoni bila kusikilizwa anaweza kudai fidia, ambayo yaweza kufika mshahara wa miezi 12, hata kama kesi ya jinai bado haijaamuliwa. Dai kama hilo lina muda wa miaka 3. Hizo ni njia mbili tofauti, na kushinda moja si kushinda nyingine.

Kwa aliyetiwa hatiani, muda ni mfupi zaidi. Ana siku 14 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu, ambayo kwa kesi za Mavoko iko Machakos. Tangu uamuzi wa Okeno mwaka 1972, mahakama hiyo ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, ikikumbuka tu kwamba haikuwaona mashahidi wakizungumza.

Kwa hivyo, anayetaka kukata rufaa aombe nakala ya hukumu siku ile ile, na aisome akitafuta majibu ya maswali matatu. Je, hakimu ametaja kwamba mzigo ni wa mashtaka? Je, amepima maelezo ya mshtakiwa pamoja na ushahidi mwingine, au ameyatupa kwanza na kuyataja baadaye? Na je, aliposema shaka haipo, ameonyesha ni ushahidi upi ulioiondoa? Swali lolote kati ya hayo likikosa jibu katika hukumu, hapo ndipo pa kuanzia rufaa.